Umeme Ukikatika Njombe Mwezi wa Saba

Kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mpaka wa nane, ukungu hutanda Njombe kabla jua halijazama, na asubuhi huchelewa kuondoka. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi kwa lami, iko chini kidogo, ila ina upepo unaopenya hata kwenye tundu la kufuli. Usiku wa kipupwe nyuzi joto hushuka chini ya 10, na upande wa Makete sakitu huunguza viazi shambani. Umeme ukikatika saa mbili usiku majira hayo, hita inapoa, maji ya kuoga hayapati moto, watoto wanaanza kujikunyata, na nyumba nyingi huwaza jambo lilelile: tuingize jiko la mkaa chumbani.

Usiliingize. Yapo mengine mengi ya kueleza kuhusu usiku wa namna hiyo, lakini kama una muda wa aya chache tu, soma hizi zinazofuata kisha uwasomee na wa nyumbani kwako. Baridi ya Njombe inatesa, lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya aliyelala ndani akiwa amejifunika vizuri. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huwaua watu wazima wenye afya, na unaweza kumaliza familia nzima kwa usiku mmoja. Habari za watu kukutwa wamekufa kitandani huku jiko likiwa pembeni si ngeni Nyanda za Juu Kusini, na inaumiza kwamba kila mmoja wao alikuwa anatafuta joto tu.

Jiko la mkaa na chumba cha kulala

Mkaa unaoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ukiivuta hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka lakini haipeleki kwenye ubongo na moyo kile vinachohitaji. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu, na usingizi mzito. Wengi hudhani ni uchovu wa shamba au malaria inaanza, wanajilaza. Aliyekwisha kulala hapati hata onyo hilo.

Watu wana maneno ya kujituliza kuhusu jiko. La kwanza ni kwamba mkaa ukishakolea na kuacha moshi hauna madhara. Kweli yenyewe inatisha zaidi: moshi ungekukohoza na kukufukuza, lakini makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa hewa ileile kimyakimya. La pili ni kuweka sufuria ya maji juu ya jiko ili yanyonye sumu. Maji hayainyonyi hewa hii kwa kiasi cha kukuokoa. La tatu ni kuacha dirisha wazi kidogo. Hakuna anayeweza kukuambia "kidogo" hiyo ni kiasi gani, na saa saba usiku, upepo wa Makambako ukianza kuingia, mtu mwenye usingizi huamka akalifunga.

Na sisi tuna mkaa wa miwati. Miti hii ilipandwa kwa wingi Njombe tangu kampuni ya TANWAT ilipoanza mwaka 1949, kwa ajili ya magome yanayotumika kutengeneza dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, na mkaa wake unasifiwa kwa sababu ni mzito na hukaa. Sifa hiyo ya jikoni inageuka balaa chumbani. Jiko ulilolijaza saa tatu, ukaliona limefunikwa na majivu saa tano, bado lina moto chini saa nane. Kwa hiyo hata jiko "lililozimika" lisilale ndani. Litoe nje, lifunike au limwagie mchanga, na ndoo ya majivu ilale nje pia, mbali na ukuta wa mbao.

Ukihisi kichwa kinauma na mko zaidi ya mmoja wenye hali hiyo mahali palipo na moto, usijadiliane na mtu. Fungua mlango, toka, watoe wengine, kisha ndipo mzungumze. Ukimkuta mtu hajitambui, mburute mpaka kwenye hewa safi kabla ya kufanya lolote, ila vuta pumzi nje kwanza na usikae ndani, kwa sababu waokoaji nao huanguka. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka. Sumu hii hutoka mwilini polepole. Kwa hewa ya kawaida nusu yake huchukua saa nne au tano, kwa oksijeni ya hospitali muda huo hupungua sana. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba mgonjwa alikuwa chumbani na jiko la mkaa. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye sumu hii, kwa hiyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini, na asiyeambiwa anaweza kumrudisha nyumbani.

Pasha mwili, chumba kiache

Chumba cha tofali za kuchoma chenye bati juu na kisicho na dari hakipashiki kirahisi. Joto lote linakwenda juu na kutoka. Hata umeme ukiwepo, hita ya wati 2,000 inakula yuniti mbili kwa saa kupasha hewa inayotoroka. Umeme ukikatika, acha kabisa wazo la kupasha chumba. Shughulika na miili.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu mzuri ambao bado uko vijijini: moto unakaa jikoni, na jiko ni nyumba ya peke yake, yenye nafasi ya wazi kati ya ukuta na paa. Watu wanaota moto pale, mlango ukiwa wazi, wanakula, wanazungumza, halafu wanakwenda kulala wakiwa na joto mwilini. Kama una jiko la nje, fanya hivyo. Pika mapema, kuleni moto, ogesheni watoto miguu kwa maji ya uvuguvugu, muwakaushe vizuri na kuwavisha soksi kavu palepale. Anayepanda kitandani akiwa na miguu ya baridi atahangaika nusu ya usiku.

Wakati moto ungali unawaka, chemsha maji mengi kuliko unayohitaji. Jaza chupa ya chai, kwa ajili ya anayeamka usiku na kwa uji wa mtoto alfajiri. Yanayobaki ni ya kitandani. Mpira wa maji ya moto wa duka la dawa ndio bora. Usipokuwa nao, chupa ngumu yenye mfuniko wa kukaza inafaa. Chupa laini ya soda hujikunja kwa maji yanayochemka, hivyo acha yapoe kidogo kwanza. Jaza, kaza mfuniko, igeuze kichwa chini juu ya beseni uone kama inavuja, kisha ivalishe soksi nzito au uizungushie kitambaa. Ilaze katikati ya mablanketi nusu saa kabla ya kulala, halafu uisogeze miguuni. Kwa mtoto mchanga, pashia kitanda, kisha uitoe kabisa kabla ya kumlaza. Ngozi yake huungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida.

Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, mahali pake ni kifuani pa mama au baba: ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi tu, na nguo za mzazi zikiwafunika wote wawili, uso wake ukiwa wazi. Akina mama hufundishwa jambo hili wodini kwa watoto njiti, na nyumbani linafanya kazi vilevile. Mtoto aliyepoa sana huacha kunyonya na hulegea. Huyo apelekwe kituo cha afya akiwa kifuani hivyohivyo.

Baridi ya chini watu huisahau. Godoro lililowekwa juu ya sakafu ya saruji linavutwa joto usiku kucha, na blanketi la tatu juu halitasaidia kama chini hamna kitu. Tandaza maboksi yaliyokunjuliwa, mkeka, magunia makavu, kisha godoro. Ziba chini ya mlango kwa gunia au kitenge kilichokunjwa, na kwenye dirisha lenye wavu mtupu tundika blanketi. Uzibaji huu ni wa chumba kisicho na moto wowote ndani, hata kandili. Vaa nguo kadhaa nyepesi badala ya koti moja zito, na ya ndani kabisa iwe kavu. Fulana iliyolowa jasho la mchana ivuliwe. Kofia ya sufu ni ya kulalia pia. Soko la mitumba la Makambako lina sweta nzuri kwa bei ya chini, na mwezi wa nne huzipata kwa utulivu kabla kila mtu hajazikumbuka.

Pombe iache. Komoni au konyagi hukufanya uhisi joto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, na hapo ndipo mwili unapolipoteza. Mlevi aliyelala nje au kwenye varanda usiku wa kipupwe yuko hatarini kwelikweli. Mkimkuta, muingizeni ndani.

Kujua umekatika wapi

Kabla ya kupanga usiku, jua ukubwa wa tatizo. Tazama kwanza nyumbani: rimoti ya LUKU inaonyesha yuniti au imeisha? Breka imeanguka? Kama jirani anao na wewe huna, tatizo ni lako. Kama mtaa mzima uko gizani lakini mtaa wa kilima cha pili unawaka, huenda ni transfoma au laini yenu. Halafu piga simu Makambako. Kituo cha kupozea umeme cha pale ndipo unapogawanyika wa kuja upande wetu, na ndipo ilipoanzia njia ya kilovolti 220 iliyokamilika mwaka 2018 kwenda Madaba na Songea, ikawatoa Songea kwenye jenereta za dizeli. Ndugu wa Makambako akisema hata kwao giza, na wa Songea vilevile, tatizo ni kubwa kuliko mkoa. Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ya gridi ya taifa ilizima sehemu kubwa ya nchi. Siku ya namna hiyo usikae unasubiri dakika tano. Washa moto wa nje na uanze kuchemsha maji.

Toa taarifa TANESCO kwa namba 180, ambayo haina malipo, na utaje mtaa, namba ya mita na jinsi ulivyokatika: ghafla, baada ya mlio, baada ya kupepesa. Usidhani jirani ameshapiga. Sehemu zetu zina misindano na mikaratusi mpaka kando ya laini, na tawi moja likidondoka usiku wa upepo linatosha kuzima kata nzima. Aliyeliona ndiye anayewapunguzia mafundi saa za kutafuta. Waya ukiwa chini, kaa mbali nao kwa mita 10 au zaidi, zuia watoto na mifugo, na usiamini kwamba umekufa kwa sababu mtaa uko gizani. Unaweza kurudishiwa umeme wakati wowote ukiwa palepale ardhini.

Kuna nyumba zinazoomba tawi lisikatwe kwa sababu ni mti wa kuuza mbao miaka miwili ijayo. Naelewa uchungu huo, maana huku mti ni akiba ya ada. Hata hivyo mti ulioinamia laini ni deni la mtaa mzima, na ukatwe mapema, na wenye kazi yao, laini ikiwa imezimwa.

Mwanga, simu, maji na dawa

Taa ya sola ndogo ndiyo mkombozi, lakini kipupwe chetu kina kasoro yake: ukungu na manyunyu hupunguza chaji. Itoe nje asubuhi mapema, ielekeze upande wa kaskazini ambako jua la mwezi wa sita na wa saba hupita, na iingize kabla ya umande. Koroboi na mshumaa viwe vya dharura tu, juu ya sahani pana, mbali na chandarua na pazia, na kamwe visiachwe na mtoto anayesomea kitandani. Chandarua kikishika moto hakikupi muda. Namba ya Zimamoto ni 114.

Nunua yuniti za LUKU wakati bado zipo za siku kadhaa, na uwe na noti kidogo mfukoni. Umeme ukikatika muda mrefu, minara ya simu huishiwa betri, na hapo huwezi kununua token wala kutoa fedha kwa wakala. Punguza mwanga wa simu, zima data, na weka simu moja ya batani nyumbani. Chaji yake hukaa siku nyingi.

Maji ya pampu hukatika pamoja na umeme, kwa hiyo madumu yajazwe maji yangali yanatoka. Friji si ya kuhangaikia sana huku. Ukiacha kuifunguafungua, itatunza chakula kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa hukaa karibu siku mbili. Baada ya hapo, usiku wa Njombe wenyewe una ubaridi wa kutosha kuhifadhi maziwa kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali paka na panya hawafiki. Insulini inayotumika haidhuriki na chumba chenye baridi ya kawaida, ila haipaswi kuganda. Isilale dirishani wala nje usiku wa sakitu, na isiwekwe karibu na moto. Ifunge kwenye kitambaa ndani ya kopo, katikati ya chumba.

Gesi ni ya kupikia. Asubuhi yenye baridi kali mtungi uliobakiza kidogo unaweza kutoa moto dhaifu. Usiupashe kwa makaa wala maji yanayochemka, uhamishie kwenye chumba chenye uvuguvugu na uvumilie. Jenereta ikae nje kabisa, si stoo, si varanda, kwa sababu inatoa hewa ileile ya mkaa na kwa wingi. Na isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili "irudishe" umeme nyumba nzima. Umeme huo hupanda mpaka kwenye laini ambako fundi ameshika waya akijua umezimwa. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa akufungie swichi ya kubadilishia.

Mara tu umeme unapokatika, pita kila chumba uchomoe pasi, hita, jiko, friji na televisheni. Pasi ndiyo ninayoiogopa kuliko vyote: mtu anaiacha juu ya nguo kwa sababu imepoa, anakwenda kwa jirani kuota moto, umeme unarudi nyumba ikiwa tupu. Acha swichi ya taa moja tu ikiwa imewashwa ili ikujulishe. Umeme ukirudi, subiri dakika kadhaa, tazama kama taa inang'aa kama kawaida, ndipo uchomeke kimoja kimoja, friji ikiwa ya mwisho. Taa ikiwa hafifu au kali kupita kiasi, zima swichi kuu na upige 180 tena.

Kabla ya kipupwe kijacho

Kama una fedha ya kununua hita ya pili, ushauri wangu ni fedha hiyo uitumie kuweka dari. Ubao wa dari au jipsamu kwenye chumba kimoja tu, kile mtakachokusanyika wote usiku wa baridi, utakufaa kila mwaka, umeme uwepo usiwepo. Anayejenga sasa afikirie sehemu ya kuotea moto yenye dohani inayopanda juu ya paa, iliyojengwa na fundi anayeijua, na isafishwe masizi kila mwaka.

Wenye nyumba za kupangisha Mjimwema, Kibena na Makambako wana wajibu wao. Mpangaji wa chumba kimoja hana jiko la nje, na mvua ya manyunyu inamlazimisha kupikia ndani. Kibanda kidogo cha bati uani, kilicho wazi pande mbili, ni gharama ndogo sana kwa mwenye vyumba sita. Wenye gesti wanaopokea madereva wa barabara kuu ya Mbeya waongeze blanketi, na wakatae kabisa mgeni anapoomba makaa chumbani.

Asubuhi baada ya usiku wa giza, pita kwa bibi anayeishi peke yake, kwa wanafunzi waliopanga geto, kwa mama aliyejifungua juzi. Gonga mlango na usubiri sauti. Usiondoke kwa kudhani bado wamelala. Usipojibiwa, ita watu, vunjeni mlango, fungueni madirisha yote, watoeni nje.